Dobi na Mlango wa Uani

Dobi wetu alikuwa akigombana na mashati. Si na wenye mashati. Hao aliwainamia mpaka shingo ikamwingia mabegani. Na mashati yenyewe. Akishayatundika kambani nyuma ya kisima, kila moja kwa cheo cha mwenyewe, alipita mbele yao na ule mti wake wa kukorogea nguo, akayasomea. "Wewe," huliambia shati la bwana wa boma, "jana umekunywa, nusu ukajimwagia kifuani. Huna haya!" Akageukia la karani: "Na wewe, jasho lote hili la nini, na kazi ni kuandika tu? Unaandika uongo." Hata kanzu ya baba yangu haikusalimika: "Unakwenda msikitini na mchuzi wa papa kwenye mkono. Paka wee!" Sisi wasichana tulijibanza nyuma ya ukuta tukicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini akitokea mwenye kanzu, au hata mtumishi wake, Dobi alifunga mdomo, akauma pindo la kanga, akasogea pembeni akawa kama hayupo.

Nitamwita hivyo hivyo, Dobi, kama Chole nzima ilivyomwita siku zile boma la Wajerumani lilipokuwa pale kisiwani kwetu. Jina alilopewa na aliyemnunua lilikuwa tusi. Jina lake la ubatizo alisema ni la watu wa nyumbani kwake, na mimi simo. Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui. Nilimuuliza mara moja, akanijibu kwamba alizaliwa ndani ya beseni na mtu akasahau kummwaga.

Alikuwa mtumwa wa shamba la minazi la babu yangu, kisha akapata barua yake ya uhuru bomani. Barua hiyo aliificha kwenye makuti ya paa, akaendelea kuja kwetu kila alfajiri kana kwamba hakuna lililotokea. Ulipita mwaka ndipo tukajua, na tulijua kwa sababu paa lake lilivuja, akaja kuomba makuti mapya na barua mkononi imelowa. Mama alimuuliza mbona hakusema. "Ningesema nini, Bibi?" akajibu. "Barua ile ni ya mtu. Mimi nimeitunza tu."

Kwa kazi, hakuwa na mfano Mafia nzima, kuanzia Bweni hadi Kisimani. Wanga aliukamua mwenyewe katika muhogo, akauchuja mara tatu. Buluu aliitia kwa kuonja rangi ya maji kwa jicho moja, la pili amelifumba. Pasi yake ilikula mkaa wa vifuu, na kanzu iliyopita chini yake ingeweza kwenda msikitini peke yake, ikasali, ikarudi. Wageni wakisifu, mama alimwita asikie. Dobi alikuja mpaka penye kizingiti, asivuke, akasema, "Ni maji hayo, Bibi. Mimi ni nini?"

Mimi ni nini. Neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni. Shavu lake la kushoto lilikuwa na kovu la moto, kutoka chini ya jicho hadi kidevuni, ngozi imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Yeye alisema ni chungu kilichompindukia. Wengine walisema si chungu, ni mtu. Aliamini kwamba Mungu alipokuwa akigawa watu, yeye alibaki kwenye makapi, na kovu lile ndiyo alama ili asije akachanganywa na wazima. Penye kisima alikuwa akitupa ndoo kwanza ndipo ainame, ili maji yavurugike asije akajiona. Aliingia kwetu kwa mlango wa uani, alikula wa mwisho, na sikupata kumwona amekaa juu ya kitu chochote kinachomwinua kutoka chini. Siku moja alikuja na homa, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Mama akamwuliza kwa nini hakuomba dawa. "Dawa ni ya watu, Bibi." Lazima niseme ukweli: mama aliliona jibu hilo kuwa la adabu, na mimi pia.

Sasa msije mkamfanya malaika. Dobi huyu mnyonge, asiyethubutu kukaa kwenye kibao, alikuwa akivaa nguo zetu. Ndiyo! Kanga ya mama ikikaa kwake siku nne badala ya mbili, ujue imekwenda kutembea. Siku moja mama aliiona doti yake mpya kabisa ikikatiza njia ya Kiegeani, na ndani yake Dobi, anatembea kwa maringo ambayo mama mwenyewe hakuwa nayo. Aliporudi aliulizwa, akasema nguo nzito hazikauki vizuri kambani, zinataka kutembezwa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mama akamwambia. Dobi akainamisha kichwa, lakini mimi nilimwona anacheka ndani ya pindo.

Mlango wake wa kuingilia katika Ukristo ulikuwa nguo ya meza. Pale bomani alikuja seremala, mtu wa bara aliyelelewa misheni kule Unguja, kutengeneza milango na vitanda vya Wajerumani. Kila Jumapili yeye na mkewe, mpishi wa boma na askari mmoja mwenye sauti ya ng'ombe walisali ukumbini kwake. Alimletea Dobi kitambaa cheupe akifue, na wiki ya pili akakileta tena, na ya tatu. Dobi alikigeuzageuza akakitilia shaka. "Nguo ya meza gani hii isiyopata mchuzi?" akamwuliza. "Hao wanaokula hapa wanakula nini?" Seremala akamwambia, "Njoo uone, mama." Hakuwahi kuitwa mama na mtu. Alikwenda, mwenyewe alinieleza, kumtazama vizuri mtu aliyekosea namna ile.

Kwetu maneno yalikuwa mengi. Mama alisema amefuata sukari ya Wazungu. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa hivyo na nataraji kufa hivyo, na mimi na Dobi tulibishana juu ya Nabii Isa mpaka mwisho bila hata mmoja kusogea. Lakini la haki nitalisema. Babu yangu alimsilimisha kwa mdomo tu. Hakumfundisha hata Alhamdu. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba mbele ya Mungu hakuna bwana wala mtwana. Tulikariri vizuri sana, kisha tukarudi nyumbani tukamwita Dobi atuvue viatu. Aliyemfungia mlango hakuwa Mungu wala dini. Ni sisi.

Na tulimfundisha vizuri, kwa maana alipofika kwa seremala alizunguka nyuma. Sala ilikuwa ukumbini, yeye akaingia jikoni, akachuchumaa penye mafiga, akawa anaitikia "Amina" kupitia ukutani. Seremala alimwita, hakuja. Alimweleza kwamba ndani kuna nafasi, hakuja. "Mungu ana wageni wake huko ukumbini," Dobi alimwambia. "Akishamalizana nao atapita huku kutazama moto. Nitamwamkia hapa hapa." Miezi mitatu aliabudu jikoni, akipunguza moto na kuonja mchuzi wa wenyewe.

Seremala hakuwa mtu wa maneno mengi. Jumamosi moja alichukua mbao nne na misumari, akaupigilia mlango wa jikoni kwa nje. Mkewe alipiga kelele majirani wakatoka. Kuni, samaki, majivu, vyote sasa vipite ukumbini? "Umenizibia jiko kwa ajili ya roho ya dobi!" Seremala, misumari mdomoni, akamjibu kwamba roho ya dobi nayo ni roho.

Jumapili Dobi akafika, akakuta mbao. Akafanya alichozoea: akaugombeza mlango. "Wewe, nani kakutuma? Jana ulikuwa mlango, leo umekuwa ukuta, huna msimamo." Akaizunguka nyumba mara tatu. Ndani askari alikuwa ameshaanza kuimba, na jua linachoma. Seremala alikuwa ameapa hatamwita wala hatamtazama. Aliendelea kusoma, macho kwenye kitabu. Basi Dobi akaingia kwa mlango wa mbele, lakini kinyumenyume. Aliingia mgongo mbele, uso nje, ili akifukuzwa awe tayari ameshageuka. Alirudi hivyo nyuma hatua kwa hatua mpaka akagongana na meza.

Siku hiyo somo lilikuwa la kuumbwa kwa mtu, kwamba Mungu alimfanya kwa mfano wake mwenyewe. Dobi aliposikia hayo alicheka. Alicheka kwa sauti, mpishi akaogopa. Kisha kicheko kikakatika, akaondoa kanga usoni kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akaelekeza shavu kwa seremala. "Na hili? Hili ni mfano wa nani?"

Seremala alikwama. Hakuwa padri, alijua mbao. Akafunga kitabu, akasema, "Sijui, mama. Ninalolijua ni kwamba Bwana wetu alipofufuka alikuwa na makovu yake. Ya mikono, na ya ubavu. Aliwaonyesha rafiki zake."

"Hayakutoka?"

"Hayakutoka."

"Mwenye uwezo wa kufufuka hakuwa na uwezo wa kutoa kovu?"

"Alikuwa nao. Aliyaacha."

Fikirini mnamwambia dobi maneno hayo. Mtu aliyetumia maisha yake yote kutoa madoa, anayeona kila alama ni kosa la kusuguliwa hadi liishe. Alikaa chini pale pale penye meza. Aliniambia baadaye kwamba hakusikia tena neno lililosomwa siku ile; alikuwa anawaza tu kwamba huko juu yuko mwenye kovu, na hajifuniki. Pindo la kanga lilimtoka menoni hapo, na ingawa siku mbaya lilirudi, halikurudi tena likakaa.

Mimi nilidhani mtu akiokoka huamka asubuhi mpya kabisa. Haikuwa hivyo. Dobi alijaribu uungwana kama mtu anavyojaribu maji ya baridi, kidole kimoja kwanza. Kwetu alianzia kwenye mbuzi ya nazi. Siku zote alikuna akiwa amechuchumaa, kibao amekiweka mbele. Siku moja akakikalia, kama wafanyavyo watu. Shibiri moja kutoka chini. Mama alipoona akasema, "Leo mbuzi, kesho kitanda cha samadari!" Dobi akaendelea kukuna nazi, lakini hakushuka.

Mashati nayo yakaanza kupumzika, maana maneno sasa yalikwenda kwa wenyewe. Karani aliambiwa ana kwa ana kuhusu jasho lake. Padri aliyekuwa akija kwa mashua mara moja kwa mwaka alishuka na joho lililokunjamana, Dobi akamzuia mlangoni. "Baba, umelala nalo? Utakwenda mezani kwa Bwana na mikunjo hii?" Padri, mzee mwenye ndevu hadi tumboni, alikaa na fulana jikoni, sala ikangoja mpaka pasi ikapata moto. Mpishi alisema padri alihubiri siku hiyo kama aliyetoka kugombezwa na mama yake.

Lakini hao walikuwa watu wa njiani. Nyumba iliyomtisha ilikuwa yetu. Mama alikuwa na heshima, na ulimi wa kuilinda. Akimwondoa Dobi, Chole nzima ingemwondoa, na angerudi shambani kuomba kwa msimamizi pa kuweka kichwa. Hilo alilijua. Hata hivyo alichagua siku, na alichagua kwa ujanja: mkesha wa Idi, alasiri, ukumbi umejaa wageni, na kikapuni kichwani pake kanzu kumi na mbili za baba, kaka zangu na wajomba. Wanaume wote wa nyumba walikuwa wamebaki na vikoi.

Akatokea mlango wa mbele.

"Wee Dobi," mama akasema taratibu, "mlango wa uani umeota miiba?"

"Hauna miiba, Bibi."

"Nani amekuruhusu kupita hapa?"

Kikapu kilikuwa kinatikisika juu ya kichwa chake, niliona. "Sijaruhusiwa, Bibi. Nimekuja tu."

"Basi rudi ukazunguke."

Dobi hakuinamisha shingo. Uso ulikuwa wazi, kovu lote nje. "Nikirudi, Bibi, nitarudi nazo."

Mama angeshinda, nina hakika, kama baba asingekohoa nyuma ya pazia. Baba alikuwa mtu wa amani, na alikuwa na kikoi kimoja. "Mwacheni apite," akasema, "nguo zitaingia vumbi."

"Pita," mama akasema. "Lakini usitue kwenye zulia."

Alitua kwenye zulia. Katikati.

Nilimfuata kisimani baadaye kwa udadisi, nikitaraji kumkuta anacheza. Nilimkuta amekalia ukingo wa kisima, anatetemeka kama siku ile ya homa, machozi yanatiririka juu ya kovu. "Mwana," akaniambia, "seremala alisema Mungu atakuwa nami. Mbona nimeingia peke yangu?" Akajifuta uso, akawaza, kisha nikaona kile kicheko kinaanza. "Au alitangulia akakaa na wageni," akasema, "akaniachia mimi kikapu." Nilicheka naye, na nilicheka kwa moyo mzito, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nilipoona alikuwa na hofu kiasi gani miaka yote ile.

Boma lilipohama Chole kwenda Kilindoni, kwenye kisiwa kikubwa, mashati yalihama, naye akayafuata. Nilikuwa nimeolewa, nina watoto, mama amekwisha kufariki. Tulikaa miaka kadhaa bila kuonana. Kisha, siku za Wajerumani zilipokwisha, mume wangu akanuia Hija, nami niende naye. Kwetu anayekwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kwa sababu huenda asirudi, na haifai kufika mbele ya Nyumba ya Mungu na deni la mtu moyoni. Ni safari nyepesi. Unabisha hodi, unasema, "Naomba radhi kwa ninayoyajua na nisiyoyajua," wanakujibu, "Tumekusamehe, nawe utusamehe," unapewa kahawa, unakwenda kwingine. Nilimaliza nyumba thelathini kwa siku mbili. Ndipo nikakumbuka Kilindoni.

Nilivuka kwa mtumbwi, nikapanda punda, nikafika kiuno hakina hali. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, safi, na kufumba na kufumbua nilijua kazi ya nani ilikuwa ile: mlango mmoja tu, mbele, na viti viwili vya seremala. Yeye alikuwa amekalia kimoja, nywele nyeupe, miguu mbele yake kama mwenye nyumba. Nilimwamkia shikamoo, mara ya kwanza maishani mwangu. Akaitikia marahaba bila kusita, akanionyesha kiti cha pili.

Nikasema yangu. Naomba radhi kwa ninayoyajua na nisiyoyajua. Nikangoja nijibiwe niende, maana punda alikuwa juani.

"Anza na unayoyajua," Dobi akasema.

Nilidhani ananitania. Nilimtazama, alikuwa amekunja mikono, anangoja. Zamani ningemwomba radhi angeniambia hakuna nilichomkosea, na angeamini, maana kikapu hakikosewi. Sasa mbele yangu alikaa mtu, na mtu ana hesabu ya yaliyompata.

Basi nikaanza, na ni mambo ambayo hata ninyi sijawaambia, nimewasimulia ya mama tu mpaka hapa. Nilimwambia juu ya siku niliyomshikia kioo mbele ya uso, nikamwuliza upande upi ndio uso. "Mm," akasema. "Endelea." Nikamwambia nilivyopitisha mkono wenye masizi juu ya kanzu alizokwisha kuzipiga pasi, akapigwa yeye. "Endelea." Nikamwambia nilivyomwita lile jina la tusi mbele ya mke wa seremala, ili ajue anamkaribisha nani. Lililobaki lilikuwa gumu. Akangoja. Punda akalia nje. Nikamwambia juu ya pete yangu iliyopotea, kwamba mimi ndiye niliyesema ni yeye, na kwamba niliipata mwenyewe, chini ya mto.

"Uliipata lini?"

"Siku ile ile."

Akaikunjua mikono. Shavu lile bovu lilicheza. "Ile iliniuma," akasema. "Ile iliniuma sana, Mwana."

Nililia. Sikulia kwa adabu, kwa pindo la buibui. Nililia kwa sauti kama mtoto, mimi mke wa watu niliyekuwa njiani kwenda Maka. Dobi aliniacha nilie, akanimiminia kahawa, akaniwekea na kipande cha halua.

"Bado mawili," akasema.

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta, nikapekua utoto wangu wote nimekaa pale, sikuyaona. Nikamwambia sikumbuki, anikumbushe, nimwombe na hayo. Na hapo uso wake ukafunguka, nikaona kile kicheko kilekile kikipanda toka tumboni.

"Nimekusamehe yote," akasema. "Nimekusamehe tangu siku nyingi, nilifanya hivyo huku nikilia, kwa sababu Bwana wangu aliniambia. Na hayo mawili nimeyasamehe pia."

"Lakini ni yapi?"

"Kunywa kahawa," akasema, "inapoa."

Nimekwenda Maka, nimerudi. Yeye ameshazikwa kule Kilindoni. Na mpaka leo, nikimwita mtumishi, nasita kwanza, nikijiuliza kama kumwita hivi nako ni mojawapo ya yale mawili.